Jiwe la Marangu na Mti wa Old Moshi: Suala la Watangulizi katika Historia Yetu

Kumbukumbu za taifa haziotei ardhini kama uyoga baada ya mvua. Hujengwa na watu, kwa fedha fulani, katika wakati fulani, na kwa shabaha ya kufundisha jambo fulani. Kwa hiyo kada au mwanafunzi anayesimama mbele ya jiwe la kumbukumbu hana budi kulisoma mara mbili: kwanza asome lililoandikwa, kisha aulize ni nani aliyelipa mchongaji.

Nchi zilizozaliwa kutokana na ulowezi zinatupa mfano wa wazi wa jambo hili. Katika mji wa St. Louis, Marekani, kando ya mto Mississippi, lipo tao la chuma cha pua lenye urefu wa meta 192, lililokamilika mwaka 1965. Lilijengwa kuwakumbuka watangulizi, yaani wale waliovuka mto huo na kwenda magharibi baada ya serikali yao kulinunua eneo la Louisiana kutoka kwa Wafaransa mwaka 1803. Wenyeji wa nchi hiyo iliyouzwa hawakuulizwa na muuzaji wala mnunuzi. Na katika uwanja huohuo wa kumbukumbu limesimama jengo la mahakama ambamo mtumwa Dred Scott alidai uhuru wake katika miaka ya 1840, dai ambalo Mahakama Kuu ya Marekani ililitupa mwaka 1857. Karibu na Pretoria nako, Makaburu walizindua mnara wao wa watangulizi tarehe 16 Desemba 1949, mwaka mmoja tu baada ya chama cha ubaguzi kushika serikali. Makaburu wa miaka ya 1830 walikumbukwa kwa mawe ili wale wa 1949 wapate kuhalalisha sheria zao. Minara yote miwili inasema neno moja: nchi ilikuwa tupu, akaja mtu shupavu akaifungua.

Kwetu hakuna tao wala mnara wa ukubwa huo. Lakini fikra yenyewe ipo, na mahali pazuri pa kuichunguza ni njia panda ya Himo.

Msomaji aliyepita Himo anapakumbuka kwa soko lake na malori ya mahindi. Barabara ya mashariki yaenda Holili na kuvuka mpaka hadi Taveta. Ya kusini yateremka Same, Korogwe na pwani. Ya magharibi yafika Moshi. Na ya kaskazini yapanda mlima hadi Marangu. Kabla ya lami, uwanda huu ulikuwa mapito ya misafara iliyotoka Mombasa na Pangani, ikapumzika Taveta, kisha ikaendelea magharibi kufuata pembe za ndovu. Mwezi Machi 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata, jeshi la Smuts, likiwa na vikosi vingi vya makaburu wa Afrika Kusini, liliingia kwa upande huu kuelekea Moshi. Basi, kila aliyetaka kuuchukua Mlima Kilimanjaro kutoka mashariki alipita hapa. Nasi katika makala hii tutatumia njia mbili tu kati ya hizo: ile inayopanda Marangu, na ile inayokwenda Old Moshi.

Tukishika njia ya Marangu tunapita katikati ya migomba na kahawa mpaka lango la hifadhi, katika kimo cha meta 1,800 na zaidi. Hapo ndipo ipo kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller. Hapo hapo ipo pia kumbukumbu ya waongozaji na wapagazi wa Kiafrika. Tulizitazama zote mbili, na tunakiri kwamba hiyo ya pili ndiyo iliyotushughulisha zaidi, kwa sababu ambazo tutazieleza.

Meyer alikuwa mtu wa namna gani? Alitoka katika ukoo wa wachapishaji matajiri, akijigharimia safari zake mwenyewe. Alijaribu kupanda mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, lakini hakuufikia mlima hata kidogo, kwa sababu pwani ilikuwa imelipuka. Wananchi wa Pangani na miji mingine walikuwa wamelikataa Shirika la Kijerumani, na watu wa Abushiri bin Salim waliwakamata Meyer na mwenzake, wakawatia minyororo, wakawaachia kwa fidia. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu, safari hii kupitia Mombasa na Taveta, akaepuka vita. Alifika kileleni tarehe 6 Oktoba. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, siku 70 baadaye, Abushiri alinyongwa Pangani kwa amri ya Wissmann. Matukio haya mawili huandikwa katika vitabu tofauti, moja katika historia ya michezo ya milimani na jingine katika historia ya vita. Sisi tunadai kwamba yawekwe katika ukurasa mmoja, maana bendera iliyopandishwa kileleni na kamba iliyofungwa Pangani zilitoka katika sanduku moja.

Hatusemi kwamba Meyer hakupanda. Alipanda, na yeye na Purtscheller walichonga ngazi katika barafu kwa shoka, kazi iliyotaka moyo na ujuzi. Lakini tuulize swali la uchumi: kwa nini alifaulu mwaka 1889 wakati yeye mwenyewe na wengine kabla yake walishindwa? Von der Decken alijaribu mwaka 1861 na 1862. Count Teleki alijaribu mwaka 1887. Wote walirudi. Jibu si ushujaa, kwa kuwa ushujaa hata hao walikuwa nao. Jibu ni chakula. Waliotangulia walipanda mpaka akiba ikaisha au baridi ikawazidi nguvu, wakalazimika kushuka. Meyer alipanga kambi za kati, moja karibu na mwisho wa msitu na nyingine juu kabisa katika kimo cha meta 4,300 hivi, na wapagazi wakawa wanakwenda na kurudi kati ya Marangu na kambi hizo wakileta chakula kipya. Kwa njia hiyo Wazungu wawili waliweza kukaa mlimani majuma kadhaa, wakijaribu, wakishindwa, wakajaribu tena.

Ni nani basi aliyekipandisha chakula kile? Wapagazi. Ni nani aliyekilima? Wakulima wa Marangu, katika vihamba vyao. Ni nani aliyetoa ruhusa na ulinzi? Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa na hesabu zake za kisiasa. Na kambi ya juu ililindwa na nani, Wazungu walipokuwa kwenye barafu? Alikuwapo kijana mmoja wa Pangani, Mwini Amani, ambaye Meyer mwenyewe anamtaja kwa jina katika kitabu chake. Alikaa katika hema ile kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hajaizoea hata ndotoni, akitunza moto na kungoja. Pangani, tukumbuke, ndio mji ule ule uliokuwa ukipigana.

Hapa tunafikia jambo lenye uzito. Mwaka 1989, zilipoadhimishwa karne moja tangu safari ya Meyer, ilionekana aibu kuwataja Wazungu wawili peke yao. Ikatakiwa waongozaji na wapagazi wa Kiafrika nao watunukiwe. Lakini wakina nani? Ilibidi kutazama picha na nyaraka za safari ile na kutafuta kama yupo mtu anayelingana nazo. Akapatikana mzee wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo. Mzee Lauwo hakujua umri wake. Hakumkumbuka Meyer wala Purtscheller. Alichokumbuka ni kwamba alimsindikiza mlimani daktari mmoja Mholanzi aliyeishi karibu na mlima, kwamba alipanda mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba hakuwa na viatu. Waliohusika wakaamua kuwa alikuwamo katika safari ya 1889, na hivyo lazima awe alizaliwa karibu na mwaka 1871. Alifariki tarehe 10 Mei 1996, na kwa hesabu hiyo angekuwa na miaka 125.

Wengine wamelicheka jambo hili, na wengine wamelishika kama imani. Sisi hatumlaumu mzee hata kidogo. Yeye alisema alichokikumbuka, na kumbukumbu ya kupanda barafu bila viatu ni ushahidi mzito kuliko cheti chochote. Kosa liko katika daftari la mwaka 1889. Msafara mzima ulioandika kimo cha kila kambi na joto la kila asubuhi haukuona haja ya kuandika kikamilifu majina ya watu wake. Miaka mia moja baadaye taifa huru likalazimika kumtafuta mtangulizi wake kwa kulinganisha sura na picha ya zamani. Tukilisoma jiwe la wapagazi kwa namna hiyo, linatueleza mengi juu ya ukoloni kuliko lile la Meyer.

Tahadhari moja kwa vijana wetu. Tumesikia katika mijadala hoja kwamba lazima alikuwako Mchagga aliyefika kileleni kabla ya Meyer, na kwamba kazi ya mwanahistoria mzalendo ni kumtafuta. Hoja hii ina nia njema lakini inaingia katika mtego. Inakubali kipimo cha Meyer, kisha inagombea ushindi kwa kipimo hicho. Kuna ulazima gani wa kukanyaga ncha ya mlima kwanza ili uwe mtangulizi wake? Kwa mkulima wa Marangu au Kilema thamani ya mlima ilikuwa maji. Waliotangulia katika mlima huu ni wale waliofyeka msitu, wakapanda migomba, wakagundua namna ya kuirutubisha ardhi kwa samadi ya ng'ombe wa ndani, na zaidi ya yote wakachimba mifongo. Mfongo hutolewa mtoni juu kabisa, ukazungushwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, maji yasikimbie wala yasituame, mpaka ukafika kihambani maili kadhaa chini. Ulipimwa kwa macho na kuchimbwa kwa zana za mkono. Ulikuwa na wazee wake, zamu zake za maji, na siku za kazi ya pamoja za kuusafisha. Aliyepinda mfongo wa kwanza kuukwepa mwamba alikuwa mhandisi, na hana jiwe lolote langoni.

Turudi kwa Meyer, maana kuna jambo alilofanya kileleni ambalo lafafanua maana ya neno "kwanza" katika kamusi ya ubeberu. Alikipa kilele jina la Kaizari Wilhelm, akaokota jiwe, akalichukua hadi Ujerumani na kumkabidhi Kaizari kipande chake, kikatiwa ukutani katika ukumbi wa jumba la kifalme la Potsdam. Kutoa jina na kuchukua jiwe: haya ni matendo ya mtu anayepokea hati ya shamba. Na hati zenyewe zilikwishaandikwa. Mwaka 1884 Mwingereza Johnston alikuwa Old Moshi na Taveta akikusanya mikataba. Mwaka 1885 Jenerali Mathews alikuja na bendera ya Sultani wa Zanzibar, na muda mfupi baadaye Jühlke akaja na karatasi ya Wajerumani. Rindi, Mangi wa Moshi, aliwapokea wote kwa zamu, akitafuta bunduki na rafiki mwenye nguvu dhidi ya jirani zake. Mwaka 1886 London na Berlin wakapiga mstari. (Hadithi ya kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa haina msingi. Wilhelm hakuwa hata Kaizari mwaka 1886. Inasikitisha kuwa bado inasimuliwa, kwa sababu inageuza unyang'anyi wa madola kuwa mapenzi ya bibi kwa mjukuu.)

Sasa turudi njia panda tushike barabara ya pili. Kutoka Himo twaelekea Moshi, na pale Kiboriloni twaacha barabara kuu na kupanda tena mlima hadi Old Moshi. Hapa kumbukumbu ni mti, na ni mti wa kunyongea.

Rindi alifariki mwaka 1891 akarithiwa na mwanawe Meli. Mwaka huo huo, mwezi Februari, Wissmann alikuwa ameivunja ngome ya Mangi Sina wa Kibosho. Mwezi Juni 1892 majeshi ya Meli yalikishinda kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, von Bülow. Mlima ukawa huru kwa mwaka mmoja na kidogo. Agosti 1893 Gavana von Scheele akaja mwenyewe na jeshi kubwa na mizinga, na Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900, kwa tuhuma za kupanga uasi, Meli alinyongwa hapo pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha, jumla watu 19, wakiwamo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho.

Hatutakuwa wakweli tukiisimulia habari hii kama ugomvi wa weusi na weupe tu. Tuhuma zile hazikubuniwa na Wajerumani peke yao. Wamangi walikuwa wakishindana kwa muda mrefu juu ya ng'ombe, watu na biashara ya misafara, na Marealle wa Marangu, yuleyule aliyemkaribisha Meyer, alikuwa mshirika mkuu wa ngome ya Wajerumani na aliyenufaika kwa kuanguka kwa wapinzani wake. Mkoloni hakuuleta mgawanyiko huo, aliukuta akautumia. Hata hivyo, tusimtwike Marealle dhambi zote. Rindi, baba wa shujaa wetu, alicheza mchezo huohuo kabla yake. Ni mfumo wa utawala wa wachache uliowafanya wote wawili watafute nguvu nje badala ya kuitafuta kwa watu wao. Tanganyika huru ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963, ilikuwa inajibu somo lililoandikwa hapa mwaka 1900.

Wala tusidhani kwamba mti wa Old Moshi ni jambo la Old Moshi tu na jiwe la Marangu ni safi. Miaka miwili baada ya Meyer kushuka, Carl Peters aliwekwa Marangu kuwa mwakilishi wa Kaizari. Hapo hapo alimnyonga mtumishi wake Mabruk mwaka 1891, na mapema mwaka 1892 akamnyonga msichana Jagodia aliyekuwa amemweka nyumbani kwake. Mambo hayo yalifika Bunge la Berlin mwaka 1896 na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi. Mgeni anayepanda leo kutoka Himo hadi langoni anapita katika nchi hiyo. Haambiwi.

Tunda la utangulizi wa namna hii lilikuwa ardhi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na pamoja nayo wakaja walowezi, wakiwamo makaburu waliokuwa wamekwisha kuhamia upande wa Meru. Vihamba vikabanwa kati ya msitu wa serikali juu na mashamba ya walowezi chini. Walowezi walipotaka kahawa ya Mwafrika izuiwe, wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika, KNCU. Huko Meru, mwezi Novemba 1951, watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili kupata nafasi ya mashamba 13 ya Wazungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuusimulia Umoja wa Mataifa. Wale waliopewa mashamba yale wangejiita nani kama si watangulizi?

Kilele chenyewe kilirudishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, pale Luteni Alexander Nyirenda aliposimika Mwenge na bendera ya Tanganyika. Jina la Kaizari likatoka, likaja Uhuru. Hapo kumbukumbu ya ukoloni ilijibiwa palepale ilipowekwa, katika meta 5,895. Nyirenda tunamjua, na ni haki tumjue. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, katika vyuo na matawi, wanaoweza kutaja hata jina moja la wale waliopanda naye? Hili ni swali kwetu, si kwa Meyer.

Katika Old Moshi mambo hayajakwisha. Jamaa wa Meli na wananchi wa Old Moshi wanashikilia kwamba baada ya kunyongwa alikatwa kichwa kikapelekwa Ujerumani, kama vilivyopelekwa vichwa vingi kwa ajili ya sayansi ya ubaguzi ya siku zile. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba: fuvu moja lililingana kikamilifu na ndugu wa damu wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, na mengine mawili yakahusishwa na ukoo wa Molelia wa Kibosho. Kichwa cha Meli hakikuwamo. Tazama tofauti: katika maboksi ya Berlin mafuvu yalipewa namba na maandishi ya mahali yalikotoka, na kwa hiyo baada ya miaka zaidi ya mia yameweza kurudishiwa majina. Mpagazi wa 1889 hakupewa hata namba.

Katika lango la Marangu, wapagazi wa leo, ambao mlimani huitwa wagumu, husimama foleni mzigo wa kila mmoja uwekwe kwenye mizani. Kiwango ni kilo 20. Vijana hao ni wa Marangu, Kilema, Rombo, Himo na mbali zaidi, na majina yao yamo katika orodha za makampuni yanayowaajiri. Ingefaa vyuo vyetu viende huko na kuomba orodha hizo zitunzwe, mwaka kwa mwaka, pamoja na malipo yaliyotolewa na masimulizi ya wale waliokwisha staafu. Na kwa kuwa jina la Mwini Amani wa Pangani tunalo kwa hakika, kwa mkono wa Meyer mwenyewe, hilo lingeweza kuchongwa langoni mwaka huu, kwa Kiswahili, bila kungoja maadhimisho ya karne nyingine.